Bosi ameniita gurdwara Jumapili nisaidie jikoni, hii ni ibada ama ni ovataimu bila malipo?

fundi_wa_obunga

Niaje wadau. Nisaidieni na hii maneno kabla Jumapili ifike.

Mimi nachomelea vyuma kwa karakana moja hapa Kisumu, mwaka wa tatu sasa. Bosi ni Kalasinga, yaani Sikh, mzee wa miaka sitini na kitu, kilemba kila siku na rangi yake, si mtu mbaya ila ana kelele, siku akikosa kuona grainda pale aliiacha wote tunajua hiyo siku imeisha. Sasa Jumatano nilikuwa chini ya trela ya miwa naziba ufa, nikaona viatu vyake vimesimama hapo kando, halafu akainama (na huyu mzee hainamangi, ana magoti) akaniuliza Jumapili niko wapi. Nikasema niko tu. Akaniambia njoo gurdwara, hekalu lao, kuna siku kubwa, watu watakuwa wengi, njoo ule na kama unataka usaidie kidogo kwa seva. Mimi nikadhani seva ni ile ya kompyuta, nikamwambia Sadaji mimi najua vyuma tu, hiyo ya intaneti muulize kijana wa ofisi. Alicheka mpaka akashikilia trela.

Kumbe seva ni kazi. Kumenya vitunguu, kusukuma chapo, kuosha sufuria, hivyo. Na hapo ndio nimekwama, juu Jumapili ndio ofu yangu, moja tu kwa wiki. Nikienda kumenyea watu vitunguu siku ya ofu na mwenye ameniita ndiye ananilipa, hiyo tutaiita ibada ama ovataimu bila malipo? Na nikikataa Jumatatu ataniangalia na jicho gani? Mamangu ni mtu wa kanisa la Legio Maria, kumwambia tu akasema chakula cha bure huwa na ndoano ndani, watanifunga kilemba nirudi nyumbani naitwa Singh. Halafu jamaa mwingine wa karakana akanimwagia ingine, ati hao watu wako na gurdwara zaidi ya moja hapa hapa mjini na kila moja iko na watu wake, sasa huo umoja wanahubiri ni upi.

Mwenye amewahi kuenda aniambie ukweli. Na nivae nini, viatu zangu zote ziko na grisi.

mama_wa_mumias

Mwanangu viatu si shida, utavivua mlangoni. Angalia SOKSI. Mimi mara ya kwanza nilienda kwa arusi ya binti wa mteja wangu, nimevaa kitenge kimeshonwa juzi, nimefunga leso vizuri, nafika mlangoni naambiwa viatu hapa mama, na kidole changu gumba kilikuwa nje kinasalimia watu.

Kichwa kinafunikwa, hata wanaume, kama huna kitambaa kuna kikapu cha vitambaa hapo mlangoni unachukua unafunga. Unanawa mikono. Sigara, pombe, ugoro, acha nyumbani, hata kwa mfuko usiingie nazo. Ndani utaona mbele kuna Kitabu kimewekwa juu ya kiti cha heshima, kuna kitambaa cha juu kama paa, na mtu anakipepea kama vile mfalme anapepewa. Hicho wanakiita Guru Granth Sahib na kwao si kitabu cha kusoma tu, ndiye Guru mwenyewe, yaani mwalimu wao, kwa hivyo ukikaa chini usinyooshe miguu kuelekea kule. Wenyewe wanainama mpaka paji la uso linagusa sakafu, wewe mgeni hawakulazimishi.

Utapewa kitu tamu mkononi, pokea na mikono miwili. Ni kama halua ya unga, samli na sukari, moto moto, inateleza, usijipanguse kwa suruali kama mume wangu. Basi baada ya hapo ni kula. Mboga tupu, hakuna nyama, ndio mtu wa dini yoyote aweze kula bila wasiwasi. Hakuna mtu aliniuliza kama nimeokoka. Ndoano mimi sikuiona na nilikula sahani mbili.

dereva_nakuru_mombasa

mimi niko Nakuru lakini tuseme ukweli naishi barabarani, na nitakuambia ya Makindu. Kwa ile barabara ya Mombasa kuna gurdwara imejengwa 1926, enzi za Makalasinga wa reli, na mpaka wa leo msafiri akiingia anakula na akitaka anapewa mahali pa kulala na haulizwi wewe ni nani. Mimi propela shafti ilinivunjikia karibu na hapo, niko na taniboi wangu, mfukoni tuko na mia tatu na bado tumpigie tajiri simu tumweleze, na tajiri wangu wa wakati huo kumwelezea kitu ni kama kuelezea ukuta. Askari wa lango la petroli akatuambia endeni pale kwa Wasinga. Tulienda tukiwa na haya, nguo chafu, mafuta mpaka kwa nyusi. Tukapewa dali, chapati, wali, chai ya maziwa. Nikatoa hiyo mia tatu nilipe, mzee mmoja akanionyesha sanduku akasema ukitaka weka, hutaki usiweke, chakula hapa hakina bei.

sasa kitu ilinishangaza ni taniboi wangu. Huyo kijana nimekaa naye miaka minne, kikombe chake mwenyewe hakioshangi. Alisimama bila kuambiwa na mtu akaenda kwa wale wanaosha sahani akakunja mikono ya shati akaanza. Nikamuuliza baadaye kwani umeingiliwa na nini akasema hajui, alikuwa anaona tu vibaya kukaa.

kwa hivyo fundi, enda. Wewe hutaombwa, utajiomba mwenyewe

vidole_tisa

Haya, mkimaliza kusifu chapo na mimi niseme.

Nilifanya kazi kwa mashine ya mbao miaka minane, sitaji mji na sitaji jina. Mwenye mashine alikuwa wa dini hiyo hiyo. Jumapili huyo kwa jiko la hekalu anaosha sahani, mnyenyekevu kabisa. Jumatatu anakata mshahara wako juu umechelewa dakika kumi na mvua inanyesha. Pesa za uzeeni alikuwa anatukata kila mwezi na mahali zilikuwa zinaenda ni yeye na Mungu wake wanajua. Siku msumeno ulichukua hiki kidole changu nilifungwa bandeji nikapewa siku mbili za kupumzika, ya tatu ilihesabiwa nimekosa kazi. Mtu anaweza kuosha sahani elfu moja na mikono yake bado ni michafu.

Kijana usiende. Ama enda, kula, utoke. Kitunguu usiguse hata kimoja.

singh_wa_ziwa

Sat Sri Akal wote. Omera fundi, hiyo ya intaneti nimesomea familia nzima.

Mimi ni Kalasinga wa hapa hapa. Babu ya babangu alikuja na reli akiwa seremala, reli ikafika ziwa 1901, wengine wakarudi Punjab, yeye akabaki. Nimezaliwa Kisumu, Kiluo changu ni kizuri kuliko Kipunjabi changu na mamangu analia kuhusu hiyo kitu mpaka leo.

Nianze na mzee wa vidole tisa. Pole sana mzee wangu. Simtetei huyo mtu na sitakuambia ati hakuwa Sikh wa kweli, hiyo ni njia rahisi ya kutoroka, kila dini inaitumia. Alikuwa wetu. Lakini nikupe hadithi moja tunahadithiwa tukiwa watoto, ya Guru Nanak, wa kwanza kati ya Maguru wetu kumi, aliyezaliwa 1469. Alifika mji mmoja akakaa kwa seremala maskini anaitwa Lalo. Kwa huo mji kulikuwa na mkubwa mmoja tajiri, Malik Bhago, akafanya karamu ya nguvu akaalika watu wa dini wote, Nanak akakataa kuenda. Tajiri akakasirika, akamwita, akamuuliza kwani chakula changu kina nini na unakula kwa seremala. Wanasema Nanak akashika mkate wa Bhago mkono mmoja na ule mkavu wa Lalo mkono wa pili akaikamua yote miwili mbele ya watu. Wa Lalo ukatoa maziwa. Wa Bhago ukatoa damu, damu ya watu waliomfanyia kazi.

Kwa hivyo karamu ya mtu anayedhulumu wafanyakazi tulishaambiwa mapema kabisa iko na nini ndani. Tuna mambo matatu tunafundishwa, kumkumbuka Mungu, kufanya kazi halali kwa jasho lako, na kugawa ulichopata. Sasa utagawa aje kitu umeiba? Huyo mwenye mashine alikuwa anagawa kidole chako.

Sasa wewe fundi. Langar, hicho chakula, haikuanza kama msaada kwa maskini. Watu wengi hapo ndio hukosea, hata wetu. Fikiria India ya wakati huo, mtu wa tabaka la juu hawezi kula mahali kivuli cha mtu wa chini kimepita. Halafu unaambiwa keti hapa sakafuni, mstari mmoja, kulia kwako mfagiaji, kushoto kwako mwenye shamba, wote mnapakuliwa kutoka ndoo moja. Guru Amar Das, wa tatu, aliweka sheria kwamba hakuna mtu atamwona kabla hajaketi akala na wengine. Mapokeo yetu yanasema hata Mfalme Akbar alipokuja aliketi chini na watu. Hiyo sakafu ilikuwa vita, haikuwa mapambo.

Na seva ni hiyo hiyo. Seva haiwezi kuwa amri. Kuna neno letu nishkam, maana yake kufanya bila kutaka kitu kwako, wala pesa, wala sifa, wala kuogopa mtu. Hilo neno watu wa Kericho wanalijua, kule alikaa Baba Puran Singh kabla ahamie Uingereza na kuanzisha ile jumuiya ya Guru Nanak Nishkam Sewak Jatha pale Birmingham. Ukimenya kitunguu juu unaogopa Jumatatu, hiyo si nishkam, ni kazi, na kazi inalipwa. Kwa hivyo mjaribu. Mwambie Sadaji nitakuja kula, jikoni sijui. Akinuna, umejua. Akikwambia karibu, umejua pia. Na ukifika angalia yeye mwenyewe yuko wapi. Mtu akitaka kujishusha kwetu hatafuti mahali mbele, anaenda kwa viatu.

Kuhusu kubadilishwa dini mwambie mama alale. Hatuendi nyumba kwa nyumba. Na kilemba hakivikwangi mtu kwa ghafla kama kofia ya mgeni wa heshima kwa mkutano wa siasa.

Hiyo ya gurdwara mbili nitarudi jioni, kuna mtu amekuja na jenereta.

mwalimu_section58

Nikiwa nasubiri jioni ya Bwana Singh, niongeze jambo kwa hili swali la ovataimu, maana naona wengi hawalijui na sisi walimu tunalipitia darasani mbio mbio.

Huyo fundi anauliza kama Kalasinga anaweza kumtumikisha bila malipo. Basi ajue kwamba mtu aliyepigania sana chama cha wafanyakazi katika nchi hii alikuwa Kalasinga pia. Makhan Singh. Alizaliwa Punjab 1913, akaja Kenya akiwa kijana 1927. Kulikuwa na chama cha wafanyakazi Wahindi peke yao, yeye mwaka 1935 akakifanya kiwe cha kila mtu bila kujali rangi, kikaitwa Labour Trade Union of Kenya, wakati ambapo serikali ya mkoloni ilitaka kila rangi ikae kwenye choo chake. Mwaka 1949 yeye na Fred Kubai wakaanzisha muungano wa vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki. Aprili 1950 akasimama mbele ya watu Kaloleni, Nairobi, akadai uhuru wa Afrika Mashariki waziwazi. Mwezi uliofuata akakamatwa na hakuachiliwa mpaka 1961. Miaka zaidi ya kumi na moja. Mzee Kenyatta mwenyewe hakukaa ndani muda mrefu hivyo.

Alikuwa mtu wa siasa za kikomunisti kuliko mtu wa hekalu, hilo nalo tuseme, asije mtu akamgeuza mtakatifu hapa. Lakini mimi nikisoma habari ya mkate wa Lalo halafu nikimfikiria Makhan Singh na mgomo wake, nashindwa kuona wapi kimoja kinaishia na kingine kinaanza. Halafu akafa 1973 karibu amesahaulika, na watoto wangu wa kidato cha tatu wanadhani ni mchezaji wa kriketi.

dereva_nakuru_mombasa

mwalimu mimi Kalasinga najua ni Joginder tu, wa Safari Rally, Simba wa Barabara, alizaliwa Kericho hapo juu akashinda 65, 74 na 76. Volvo halafu Mitsubishi

mwalimu_section58

Huyo hata bila shule kila mtu anamjua.

fundi_wa_obunga

Asanteni wazee wangu. Nimemwambia leo. Nilijikaza nikangoja amalize chai nikasema Sadaji nitakuja kula tu, jikoni sijui kitu. Akaniangalia kidogo. Akasema "kula vizuri" akaenda kutafuta grainda.

Sijajua hiyo ilikuwa kununa ama ndio uso wake.

Swali dogo, kwani kuita mtu Kalasinga ni matusi? Naona mwalimu anasema Kalasinga na Singh mwenyewe anasema Kalasinga, lakini kuna mtu kwa komenti za mada ingine aliniambia niache.

singh_wa_ziwa

Nimerudi. Jenereta ilikuwa haina mafuta, hiyo tu ndiyo ilikuwa shida.

Kalasinga: wazee husema jina lilitoka kwa Sikh mmoja wa siku za kwanza aliyeitwa Kala Singh, watu wakaita wote hivyo. Mimi sioni matusi. Nikiitwa Kalasinga na mama wa samaki pale Dunga najua ananipunguzia bei. Inategemea sauti, kama jina lolote.

Sasa gurdwara. Hapo mmetushika na sitajificha.

1699, siku ya sikukuu yetu ya Vaisakhi, Guru Gobind Singh, wa kumi, alisimama mji wa Anandpur kule Punjab na upanga mkononi mbele ya umati akauliza nani atanipa kichwa chake. Watu wakanyamaza, wengine wakaanza kutoroka pole pole. Mmoja akasimama. Akaita tena, wa pili, mpaka wakawa watano. Tunawaita Panj Pyare, wapendwa watano. Na hawa watano hawakuwa wa tabaka moja, kulikuwa na mwenye duka, mkulima, mchota maji, mmoja wa kazi ya nguo, na kinyozi. Wote wakanywa maji matamu kutoka bakuli moja la chuma, kitu ambacho kwa sheria za tabaka ni uchafu mtupu. Halafu, na hii ndiyo mimi napenda kuliko yote, Guru akapiga magoti akawaambia sasa nyinyi mnipe mimi. Wanafunzi wakambatiza mwalimu. Na kila mwanamume akawa Singh na kila mwanamke Kaur, ndio majina ya tabaka yaishe, usiweze kumsikia mtu anaitwa ukajua babake alikuwa nani.

Hata hicho Kitabu, kurasa zake 1430, ndani yake hamna maneno ya Maguru peke yao. Kuna Kabir, mfumaji. Kuna Ravidas, fundi wa ngozi, mtu wa tabaka la kutoguswa. Kuna Sheikh Farid, Mwislamu. Tunainamia maneno ya fundi viatu kila siku.

Halafu tukaja Afrika tukajenga gurdwara ya mafundi na gurdwara ya wengine. Kweli kabisa. Reli ilileta maseremala, wahunzi, waashi, hao ni Ramgarhia, wakawa wengi, wakajenga zao. Wengine wakajenga zao, zinaitwa Singh Sabha. Sababu zilikuwepo, kila watu walichanga pesa zao, kulikuwa na ugomvi wa kamati nani ashike funguo, na nyinyi mnajua kamati. Lakini sababu si dawa. Babangu alikuwa anasema tuliacha tabaka Anandpur tukalipata tena kwa forodha ya Mombasa limetungoja na mizigo.

Siku hizi kwa kizazi changu inapungua. Watoto wanaoana huku na huku, na siku kubwa mtu anakula hapa anaenda kumalizia kule. Lakini ukiuliza nani mwenyekiti bado utasikia kelele.

mama_wa_mumias

Usijali baba. Kwetu kwa boma moja shemeji zangu watatu wana makanisa matatu na wote walitoka kwa lile lile moja, waligombania ngoma.

vidole_tisa

Nimesoma yote. Hiyo ya mkate wa damu sikuwa naijua. Nikuulize Singh, huyo mwenye mashine yangu alikuwa anahadithiwa hiyo hadithi akiwa ameketi hapo mbele?

singh_wa_ziwa

Mara nyingi tu mzee wangu. Masikio ni yake.

vidole_tisa

Sawa. Mimi bado siendi. Lakini kijana akienda atuambie huyo wake alikuwa wapi, kwa meza ya wakubwa ama kwa viatu.

fundi_wa_obunga

Wadau nimerudi, leo ni Jumanne, jana sikuweza kuandika nilikuwa nimechoka.

Nilienda. Nilivaa viatu zangu za kazi juu hizo zingine ndio mbaya zaidi, grisi nilijaribu kutoa na sabuni ya unga ikakataa. Soksi mama niliangalia, zilikuwa nzima, asante. Nikavua hapo nje haraka haraka nikazificha nyuma ya viatu vya watu, viatu vya watu vinang'aa, sitaki kuzungumzia. Nikachukua kitambaa cha rangi ya chungwa kwa kikapu nikafunga nikafanana na mtu wa kampeni.

Ndani waliimba na kinanda kile cha kubonyeza na ngoma mbili ndogo, sikuelewa neno lakini nilikaa. Mwisho wote wakasimama kwa maombi, kijana mmoja kando yangu akaninong'onezea kwamba pale mwisho kabisa wanaomba kheri ya watu wote, na wote ni wote, si Wasinga. Kila siku maombi yanaishia hapo. Nikamuuliza hata wa mtaa wetu wa Obunga, akasema kwani Obunga si watu.

Kula: nilikaa katikati ya mama mmoja wa dhahabu mpaka kiwiko na jamaa wa boda ambaye kumbe huja kila Jumapili, wenyewe wanamjua, wanamuuliza habari ya mtoto wake. Chapo unapewa mkononi, nyoosha mikono miwili kama unaomba, mimi nilichukua na mkono mmoja yule wa boda akanipiga kiwiko. Dali, mboga ya viazi na koliflawa, wali wa maziwa wenye iliki. Nilikuwa natafuta bosi kwa macho. Kwa mstari hayuko. Kwa wale wanapakua hayuko. Jikoni nilichungulia, wamama na vijana, moshi, hayuko. Nikasema sawa, mzee wa vidole tisa alikuwa na haki, huyu ako kwa ofisi ya kamati anakunywa chai na wakubwa.

Nikaona karai moja kubwa la chuma limewekwa kando, sikio limeachana, linashikiliwa na waya. Sasa mimi kitu kama hiyo siwezi kupita. Nikauliza hii mnaibeba aje na ina mafuta moto, wakasema watu wanne na Waheguru, ndiye Mungu kwao. Nikaanza kuosha hayo masufuria ya kando ndio niangalie vizuri vile limevunjika, na sijui vile ilienda, nikatoka huko saa tisa. Dereva usicheke.

Kutoka nje naenda kwa viatu, nimkute. Amekaa kwa kibao kidogo, magoti yake yale mabaya yamekunjwa mpaka karibu na kidevu, kitambaa mkononi, kopo la dawa ya viatu kando. Ana viatu zangu. Anasugua grisi na kipande cha mti pale kwa mshono. Grisi ya karakana yake. Sikujua niseme nini, nikasema Sadaji hizo ni zangu. Akasema najua ni zako, hapa nani mwingine anakanyaga bomba la haidroliki. Akamaliza ya kushoto akanipa.

Jana asubuhi lile karai lilikuwa kwa meza yangu. Nikalichomelea, nikaweka masikio mawili mapya, saa za kazi. Aliandika kwa kitabu kama kazi ya mteja yeyote, jina la mteja akaandika gurdwara, na akanilipa vile ananilipanga. Halafu saa tano akaanza kelele, grainda haionekani. Tuliitafuta sote mpaka saa saba.

vidole_tisa

Kwa viatu. Haya.

dereva_nakuru_mombasa

grainda ilikuwa wapi

fundi_wa_obunga

Chini ya karai.

mama_wa_mumias

Na mama yako alisema nini uliporudi?

fundi_wa_obunga

Kilemba hakuuliza. Aliangalia miguu akaniuliza hizo viatu nimenunua lini na pesa ya rent iko wapi.